Vidonge viwili na neno lililonishinda kutafsiri

Kuna neno moja la mahakama za jimbo la Ohio, Marekani, ambalo mpaka leo sijalipatia Kiswahili cha kuniridhisha, na hii kazi ya ukalimani nimeifanya miaka sasa. Neno lenyewe ni "aggravated". Mtu akiiba kashika bunduki, sawa, huo ni wizi wa kutumia silaha na kila mtu anaelewa. Lakini asubuhi ile shtaka lilisomwa "aggravated possession of drugs", ukumbi mzima ukanigeukia mimi, nikasema kupatikana na dawa za kulevya, kosa lililozidishwa uzito, na nyuma yangu nikamsikia mama wa kijana anavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

Vilikuwa vidonge viwili.

Kabla sijaenda mbali niseme hivi, sisi wakalimani tuna kiapo, kwa hiyo majina hamtayapata, mji hamtaujua, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha makusudi ili mtu asitambulike. Ila kilichosemwa kilisemwa mahakamani, mlango wazi, kwa sauti, tena sehemu kubwa kwa sauti yangu mimi mwenyewe.

Kijana ana miaka ishirini na kitu, familia ilikuja kama wakimbizi, yeye anafanya shifti ya usiku kwenye ghala, kupakia maboksi kwenye malori mpaka alfajiri. Mwenzake kazini akamwona anasinzia akampa vidonge viwili vya Adderall, ile dawa ambayo madaktari wanawaandikia watu wanaoshindwa kutulia na kumakinika, na watu wa shifti za usiku na wanafunzi wakati wa mitihani wanapeana chini chini ili macho yasifunge. Akavikunja kwenye tishu akaviacha pale kwenye gari panapokaa kikombe. Taa ya nyuma ya gari ilikuwa imeungua, polisi akamsimamisha kwa ajili ya taa, akaiona tishu, akauliza hii nini, na kijana kwa adabu zake zote akajibu ni dawa ya usingizi, alimaanisha dawa ya kuzuia usingizi, lakini Kiingereza kikamtoka hivo.

Sasa hiyo "aggravated" imetoka wapi kwenye vidonge viwili? Ni hivi. Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti dawa, ikazipanga dawa zote kwenye madaraja matano, na majimbo mengi yakachukua mpangilio huo huo yakauingiza kwenye sheria zake. Daraja la kwanza utakuta heroini na LSD, la pili utakuta kokeini, methi, fentanili ambayo ni dawa kali mno ya maumivu, na hiyo amfetamini iliyomo ndani ya Adderall. Sheria ya Ohio inasema ukipatikana na kitu cha daraja la kwanza au la pili bila cheti cha daktari basi jina la kosa lako ni "aggravated", ukiondoa vichache kama kokeini, heroini na bangi ambavyo vina vifungu vyake. Sio kwamba umemtishia mtu, sio kwamba umeuza, sio kwamba una gunia zima stoo. Ni jina la kifungu tu! Na hata kidonge kimoja kinakupa feloni, yaani kosa kubwa la jinai, ya ngazi ya tano, ambayo ndo ya chini kabisa kwenye mafeloni, miezi 6 mpaka 12 gerezani na faini mpaka dola 2,500. Angekutwa na Valium ya jirani, ile dawa ya kutuliza wasiwasi, ambayo iko daraja la nne, kwa mara ya kwanza lingekuwa kosa dogo. Tofauti ya maisha ya mtu iko kwenye orodha aliyoipanga mtu ambaye hajawahi kumwona.

Mama akaniuliza kwenye korido, "Mwanangu, wewe umesema limezidishwa uzito. Kafanya nini zaidi ambacho hawajaniambia?" Na mimi kwa sheria za kazi yangu siruhusiwi kumweleza sheria, mimi ni mdomo tu, anachosema huyu nampelekea yule. Nikamwambia mama naomba umuulize wakili, nitakutafsiria. Wakili, mmoja wa wale wanaolipwa na serikali kuwatetea wasio na uwezo, alikuwa na mafaili kama kumi mkononi, akamwambia usiwe na wasiwasi, ni jina tu. Alikuwa sahihi. Ila jaribu kumwelewesha mzazi kwamba jina ni jina tu wakati hilo jina ndo litatokea kila mwanae akiomba kazi au nyumba.

Basi hapo ndo nataka kuongelea hizi habari za kupunguza adhabu za dawa kwenye majimbo, maana watu wakisikia mageuzi ya sheria za dawa wanafikiria miaka ya kifungo, imetoka kumi imekuwa mitano, makofi, tumemaliza. Miaka ina maana yake, sikatai, na historia yake inatisha. New York mwaka 1973 chini ya gavana Nelson Rockefeller walipitisha sheria kwamba ukiuza aunsi moja ya heroini au kokeini, ni kama gramu 28, au ukapatikana na aunsi mbili, kifungo kinaanzia miaka 15 mpaka maisha, na hakimu hana la kusema, aone ana mbele yake bosi wa unga au dada aliyebebeshwa bahasha na mpenzi wake, namba ni ile ile. Michigan 1978 wakaenda mbali zaidi, gramu 650 na kuendelea, maisha, bila paroli, yaani bila nafasi ya kuachiwa mapema. Huko kuna jamaa alikutwa na gramu 672 za kokeini, kosa la kwanza maishani mwake, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani 1991 na majaji kwa kura 5 kwa 4 wakasema sawa, adhabu ibaki. Gramu 22 juu ya mstari! Gavana aliyeisaini ile sheria, William Milliken, baadaye alikiri wazi kwamba ilikuwa kosa, na Michigan wakailegeza 1998 wakaruhusu paroli, 2002 wakaondoa sehemu kubwa ya vile viwango vya chini vya lazima. New York nao walichukua mpaka 2004 kuanza kupunguza na 2009 ndo wakamrudishia hakimu uwezo wa kumpeleka mtu kwenye matibabu badala ya gereza. Hesabu mwenyewe, 1973 mpaka 2009.

Na uzito wenyewe ni mchezo wa ajabu. Ohio hapa kulikuwa na kesi ya jamaa wa kokeini, swali likawa, je tunapima kokeini safi au tunapima kila kitu kilichochanganywa humo ndani? Maana wauzaji wanachanganya, na ukifika gramu 100 Ohio inakuita muuzaji mkubwa na unakula miaka kumi na kitu ya lazima. Desemba 2016 Mahakama ya juu ya Ohio ikasema pimeni kokeini peke yake. Wakili mmoja niliyekuwa nakaa naye kantini alifurahi kama kashinda bahati nasibu. Machi 2017, miezi mitatu tu, baada ya majaji wawili wapya kuingia, mahakama hiyo hiyo ikageuka ikasema hapana, pimeni mchanganyiko wote. Sheria haikubadilika hata nukta, walibadilika watu. Kwa hiyo unaweza kufungwa kwa ajili ya uzito wa kitu ambacho kwenye duka la vyakula kinauzwa kihalali kabisa.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu, Ohio imewahi kufanya la maana kabla ya serikali kuu. Ile habari ya kraki, yaani kokeini iliyopikwa ikawa vipande vya kuvuta, na kokeini ya unga, mnaikumbuka, sheria ya serikali kuu ya 1986 ilisema gramu 5 za kraki ni sawa na gramu 500 za unga, miaka mitano ya lazima, na matokeo yake watu weusi wakajaa magereza. 2010 Bunge wakashusha kutoka 100 kwa 1 ikawa 18 kwa 1, ambayo kwa mtazamo wangu ni kama kumwambia mtu nilikuibia ng'ombe mia nakurudishia themanini na mbili tusahau. Ohio 2011 wakafuta tofauti yote, kokeini ni kokeini. Kimya kimya, bila ngoma.

Af ikaja 2018. Kura ya wananchi, pendekezo namba moja, la kuifanya kupatikana na dawa kwa matumizi yako kuwa kosa dogo badala ya feloni, na kwa makosa mawili ya kwanza ndani ya miezi 24 usifungwe. Vile vidonge vya kijana wangu visingekuwa feloni kama lile lingepita. Halikupita, lilipigwa kama asilimia 63 kwa 37. Majaji wengi walilipinga, akiwemo jaji mkuu wa Ohio wa wakati huo, hoja yao ikiwa kwamba bila fimbo ya feloni mtu haendi kwenye matibabu, na kwamba lilikuwa linaingizwa kwenye katiba ambako kulirekebisha baadae ni shughuli. Hii ya pili naielewa. Fentanili pia ilikuwa inaua watu Ohio kila siku wakati ule, kila familia inamjua mtu, na huwezi kumwambia mtu aliyemzika mtoto mwezi uliopita kwamba sasa tunalegeza. Hofu ina kura.

Hofu ndo imewarudisha Oregon pia. Hawa ndo walikwenda mbali kuliko wote, Novemba 2020 wakapiga kura kwa asilimia kama 58 kwamba kupatikana na dawa kidogo, iwe heroini iwe methi, sio jinai tena, unapewa tiketi ya dola 100 kama ya kupaki gari vibaya, na ukipiga simu kwenye namba ya msaada ukafanyiwa tathmini ya afya, tiketi inafutwa. Ikaanza Februari 2021. Shida ni kwamba waliopiga simu walikuwa wachache sana, hela za matibabu zilichelewa kufika, fentanili ikaingia pwani ya magharibi wakati huo huo, na watu wa Portland wakawa wanaona wenzao wanavuta mitaani mchana kweupe. 2024 wabunge wakairudisha kuwa kosa dogo, mpaka siku 180 jela, kuanzia tarehe 1 Septemba. California nao hivo hivo, 2014 walipiga kura kushusha feloni kuwa kosa dogo, 2024 wakapiga kura nyingine kwa ushindi mkubwa kwamba ukiwa na makosa mawili ya dawa nyuma, la tatu linaweza kuwa feloni yenye sharti la matibabu. Watu wanasema mageuzi yameshindwa. Mi naona kilichofanyika Oregon ni kubomoa jengo la mahakama kabla hujajenga zahanati, na mtu aliyekuwa kwenye foleni akabaki amesimama kwenye kiwanja.

Oklahoma kwa mfano, jimbo ambalo hakuna anayeliita la walegevu, walipitisha 2016 kwa kura ya wananchi kuifanya kupatikana na dawa kuwa kosa dogo, na 2019 wakasema basi na waliofungwa zamani kwa sheria ya zamani tuwaangalie. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo, kwa siku moja, watu zaidi ya 400 wakatoka. Hilo la kuangalia nyuma ndo majimbo mengi yanalisahau, wanabadilisha sheria kuanzia leo na wa jana anamalizia kifungo chake cha kosa ambalo leo lina faini.

Washington nayo ina kisa changu ninachokipenda, kama naweza kusema kupenda. Mwanamke alikamatwa na kimfuko kidogo cha methi kwenye ile mifuko midogo ya jinzi ya kuwekea sarafu, akasema suruali niliipata kwa rafiki, sikujua. Na sheria ya Washington ilikuwa haijali kama ulijua au hukujua, kuwa nacho tu ni feloni. Februari 2021 Mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta sheria nzima, wakasema huwezi kumfanya mtu mhalifu mkubwa kwa kitu ambacho hakujua anacho. Jimbo zima likakaa ghafla bila sheria ya kupatikana na dawa, wabunge wakakimbizana, 2023 wakatulia kwenye kosa dogo la hadi siku 180. Suruali ya mtumba ndo iliangusha sheria ya jimbo zima. Huwa nawasimulia wakalimani wapya, nawaambia, neno "kwa kujua" usije ukaliruka hata siku moja.

Turudi kwa kijana.

Mwaka 2021 yalianza kutumika Ohio mageuzi mengine, haya yalipita bungeni bila makelele, ya kupanua kitu ninachokitafsiri "matibabu badala ya hatia". Unakiri kosa, hakimu hakutii hatiani, anakuweka kwenye mpango wa matibabu na kuripoti, ukimaliza vizuri kesi inafutwa, unatoka huna feloni. Zamani hakimu alikuwa anaamua kama anataka hata kulisikiliza ombi, siku hizi kama dawa au pombe ndo chanzo cha kosa lazima angalau akusikilize, na dhana ni kwamba unastahili. Kwa raia wa Marekani ni kitu kizuri kwelikweli, nimeshuhudia watu wamelia kwa furaha siku ya kufutiwa. Kijana akaambiwa hiyo hapo, miezi kadhaa ya madarasa, vipimo vya mkojo, af unafutiwa. Wakili anatabasamu, mwendesha mashtaka anatabasamu, mama anatabasamu kwa sababu mimi nimetafsiri "kesi itafutwa".

Mimi ndani moyo unanidunda, kwa sababu kijana ana grini kadi, sio raia.

Na sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, haijui lugha ya Ohio. Tangu 1996 uhamiaji wana tafsiri yao ya neno "hatia": ukikiri kosa, na hakimu akakuwekea adhabu au sharti lolote la kukubana, hiyo ni hatia. Hata kama jimbo limefuta, hata kama limefunga faili. Na kwa makosa ya dawa, hatia moja tu inatosha kumfanya mwenye grini kadi aondolewe nchini, isipokuwa mara moja tu ya bangi isiyozidi gramu 30 ya matumizi yako. Amfetamini haimo kwenye huo msamaha, hata robo kidonge. Kwa hiyo ule mlango wa huruma ambao wabunge wa Ohio waliufungua kwa nia njema, kwa mtu kama huyu kijana ni mlango wa kwenda uwanja wa ndege. Na kadiri walivyourahisisha ndo watu wengi zaidi wanaupita bila kuuliza.

Hii ndo hoja yangu yote, nimezunguka sana lakini nimefika. Ukitaka kujua kama mageuzi ya adhabu ni ya kweli usiangalie miaka tu, angalia wanamtaka mtu akiri saa ngapi. California waliliona hili. Na wao walikuwa na mpango kama huo wa kukiri kwanza ufutiwe baadae, wakagundua wahamiaji wanaondolewa kwa kesi ambazo jimbo lilishazizika, wakabadilisha sheria 2017, ikaanza Januari 2018, sasa unaingia kwenye matibabu bila kukiri, ukishindwa ndo kesi inaendelea kawaida.  Kikubwa walichohamisha ni wakati wa kusema neno moja, ndiyo, nimekosa. Ohio ingeweza kufanya hivo kwa aya moja na isingegharimu kitu.

Kuna kesi ya 2010 ya dereva wa lori huko Kentucky, mzaliwa wa Honduras, alipigana Vietnam upande wa Marekani, kaishi hapa miaka 40. Alikamatwa na bangi kwenye lori, wakili wake akamwambia usijali, umekaa muda mrefu hawawezi kukuondoa, akakiri. Mahakama Kuu ya Marekani wakasema wakili ana wajibu wa kumwambia mteja wake ukweli kuhusu kuondolewa nchini kabla hajakiri. Kesi hiyo kila mwanasheria anaijua. Kuijua na kuitekeleza ukiwa na mafaili kumi mkononi ni vitu viwili tofauti.

Mwingine, ukitaka kuona dunia ilivyo ndogo, ni mtu wa Tunisia aliyekutwa Kansas na vidonge vinne vya Adderall kwenye soksi. Soksi! Alikiri kosa la kuwa na kifaa cha kuhifadhia dawa, kifaa ni hiyo soksi, na kwa ajili hiyo wakamwondoa nchini. 2015 Mahakama Kuu ikasema hapana, mmekosea, karatasi za kesi hazikutaja dawa yoyote iliyo kwenye orodha ya serikali kuu. Alishinda akiwa ameshaondolewa miaka mitatu nyuma.

Na wazee wetu wa mirungi je? Hawa huwa nawatafsiria mara moja moja na kila mara ni kama kuwaeleza watu kwamba chai ni bunduki. Jani lenyewe halijaandikwa kwenye orodha, kilichoandikwa ni kemikali iliyomo, kathinoni, daraja la kwanza tangu 1993, mtaa mmoja na heroini. Jani likinyauka, baada ya siku mbili hivi, kathinoni inageuka kuwa kitu dhaifu zaidi ambacho kiko daraja la nne. Kwa hiyo ukubwa wa kosa la mzee unategemea maabara waliwahi kupima au walichelewa. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza, "Sasa wangeniacha nikae nayo mpaka Jumatatu si yangekuwa makosa madogo?" Nikatafsiri. Hakuna aliyecheka isipokuwa karani.

Basi siku ya kijana kukiri ikafika. Ohio ina sheria kwamba hakimu kabla hajapokea maneno ya kukiri kosa lazima amwambie mshtakiwa, na haya maneno nayajua kwa moyo kama sala: kama wewe si raia wa Marekani, unaarifiwa kuwa hatia ya kosa hili inaweza kusababisha ufukuzwe nchini, uzuiliwe kuingia Marekani, au unyimwe uraia. Mahakimu wengi wanayasoma kwa kasi ya mnadani. Mkalimani anaweza kuyakimbiza na yeye, anaweza pia kuyasema kama yalivyo, kwa uzito wake. Nikayasema polepole. Neno kwa neno, sikuongeza, sikupunguza, nilichofanya ni kutokimbia tu. Na hiyo naruhusiwa.

Kijana akanitazama mimi, sio hakimu. "Kaka, kufukuzwa nchini mimi?" Nikalitafsiri swali lile lile kwa Kiingereza, kwa sauti, kama lilivyo, likaenda likakaa katikati ya ukumbi. Wakili akamwinamia akasema ni utaratibu, kila mtu anasomewa, na hilo nalo nikalitafsiri kwa sababu ndo kazi. Hakimu akamtazama wakili kwa muda. Akauliza, mteja wako ni raia? Wakili akafungua faili, akafunga, akasema ngoja nithibitishe. Hakimu akaahirisha wiki mbili, akasema nenda kamwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujarudi hapa. Mama nyuma hakuelewa kwa nini kitu kilichokuwa kinaenda kuisha hakijaisha, akaniangalia kama mimi ndo nimeharibu.

Wiki mbili baadae alikuwepo mkalimani mwingine kwa simu, kwa hiyo kilichoendelea humo ndani sikukisikia. Nilikuja kukisoma kwenye rekodi za wazi za mahakama kama mtu mwingine yeyote. Shtaka la dawa limefutwa kabisa, amekiri kosa lingine, "disorderly conduct", kosa dogo la ngazi ya chini, faini isiyozidi dola 150 na gharama za mahakama, ambazo mara nyingi ni nyingi kuliko faini yenyewe. Hakuna dawa iliyotajwa popote. Uhamiaji hawana cha kushika. Kwahiyo iliwezekana, ndo kinachoniuma, iliwezekana tangu siku ya kwanza, bila kura ya wananchi wala katiba, ilihitaji tu mtu mmoja aulize swali na mwendesha mashtaka mmoja akubali. Wangapi hawana hakimu wa kuwatazama mawakili wao hivo?

Mama nilikutana nae chini, dirisha la malipo, kashika noti kazikunja kwenye leso. Safari hii sikuwa kazini kwa hiyo nikamsalimia kama mtu, shikamoo mama, marahaba mwanangu. Akanipa karatasi nimsomee wameandika nini.

"Wameandika fujo," nikamwambia. "Amelipishwa kwa kufanya fujo."

Akaichukua karatasi yake, akaitazama juu chini kama inaweza kubadilika. "Fujo? Huyu? Huyu ambaye hata mlango anaufunga polepole nisiamke?" Yule wa dirishani akagonga kioo, mama akaanza kuhesabu noti.